Programu ya simu ikibaki bila maelezo, nani ataitengeneza?

Msikilizaji, programu iliyomo kwenye simu yako ina pande mbili. Upande mmoja unauona: vitufe na fomu za kujaza. Upande wa pili ni maandishi ya mafundi yanayoiamuru simu. Fundi akiondoka bila kuacha maelezo ya upande huo, anayemfuata ni kama aliyekabidhiwa pampu iliyofunguliwa, vipande vimetawanyika chini.

Hapa Morogoro Mjini, kituo cha SACIDS kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kilitengeneza AfyaData, programu ya kuripoti dalili za magonjwa ya watu na mifugo kutoka vijijini. Msingi wake ni ODK, programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Kujenga juu ya kazi ya watu walio mbali hivyo kunahitaji maelezo yanayosomeka.

Mafundi wana vyombo vya kuandaa maelezo hayo. Tuvitaje viwili, vyote vya bure.

Javadoc huja pamoja na vifaa vya lugha ya Java. Hukusanya maelezo mafupi ambayo fundi ameyaandika ndani ya programu yenyewe, kisha huyapanga kuwa kurasa. Inamfaa anayetaka kujua sehemu fulani inafanya kazi gani, ila haimwonyeshi mgeni aanzie wapi.

Sphinx, iliyotoka mwaka 2008, hugeuza maandishi ya kawaida kuwa kurasa za intaneti au kitabu cha PDF cha kusoma bila mtandao. Ndiyo inayotumika kuandaa maelezo ya ODK.

Kipi kichaguliwe? Anza na msomaji. Fundi mzoefu atatosheka na kurasa za Javadoc. Fundi mgeni, au mkufunzi wa wahudumu, anahitaji mwongozo wa hatua kwa hatua. Mradi mmoja unaweza kutumia vyote viwili. Lakini hakuna chombo kitakachojaza pengo la fundi asiyeandika: atapata kurasa zenye majina matupu.

Kwa hiyo, kama AMCOS au kikundi chenu kinatengenezewa programu, wekeni sharti la maelezo kwenye mkataba, na nakala yake mbaki nayo. Kabla ya malipo ya mwisho, mwiteni fundi mwingine ajaribu kuisimika programu kwa kufuata maelezo hayo tu. Akikwama, kazi bado haijakamilika.