Utangulizi: Kumlea Kware Atakayeruka

Kumlea kware wa kuwindwa ni elimu ambayo wengi huidhania kuwa kijitawi cha ufugaji wa kuku. Mfugaji wa nyama huhesabu kilo, na wa mayai huhesabu trei. Anayelea kware wa kuwindwa ana mtihani mwingine: siku ndege atakapofunguliwa shambani, atimke kutoka majanini kwa kishindo cha mbawa, aende mbali na kwa kasi, mithili ya ndege aliyeanguliwa porini. Afya yake yote, tangu yai hadi unyoya wa mwisho, hudhihirika katika sekunde hizo chache.

Makao makuu ya elimu hii ni kusini mwa Marekani, katika majimbo kama Georgia, Florida, Alabama na Texas, na ndege wake ni kware wa bobwhite, ambaye wanasayansi humwita Colinus virginianus. Msomaji wa Kenya anayekumbuka wimbi la ufugaji wa kware la mwaka 2013 na 2014 asimchanganye na yule wa Japani. Wa Japani amefugwa kwa karne nyingi. Mayai yake huanguliwa kwa siku 17 au 18, na hutaga akiwa bado mchanga sana. Bobwhite huanguliwa kwa siku 23 au 24, huhitaji wiki 16 hivi kukomaa, na bado ana woga wa porini. Mfugaji wa kawaida angependa kuuondoa woga huo. Sisi tunautunza.

Msingi wa elimu yetu uliwekwa porini. Mwaka 1924 Herbert Stoddard alianza kumchunguza bobwhite katika vilima vya Red Hills, mpakani mwa Georgia na Florida, na mwaka 1931 akachapisha kitabu chake kikubwa, *The Bobwhite Quail*. Alionyesha kwamba ndege huyu huhitaji nyasi za mafungu zenye ardhi wazi katikati yake, vichaka vya kujificha, na moto wa kupangwa unaozuia msitu usifunge. Baadaye mashamba madogo yenye vichaka yaligeuka kuwa mashamba makubwa yasiyo na kificho, na misitu ikaachwa isonge. Idadi ya bobwhite wa porini imeshuka sana tangu miaka ya 1960. Kadiri walivyopungua, ndivyo mashamba ya uwindaji yalivyozidi kutegemea ndege wa bandani.

Tumtazame kifaranga kwa karibu. Anapotoka kwenye yai ana uzito wa gramu 6 au 7 tu, kwa hiyo hatari zake ni za kipimo hicho hicho. Anaweza kuzama katika chombo cha maji cha kifaranga wa kuku. Ndiyo maana chombo hujazwa kokoto, abaki na nafasi ya kuingiza mdomo tu. Pembe za bruda, yaani banda dogo la kulelea vifaranga lenye taa ya joto, huzibwa kwa kadibodi iliyokunjwa, kwa sababu vifaranga wakishtuka hukimbilia pembeni, wakalundikana na kukosa hewa. Joto la wiki ya kwanza huwa nyuzi 35 za Selsiasi, kisha hupunguzwa kama nyuzi 3 kila wiki. Kipimajoto ni cha lazima, lakini vifaranga wenyewe husema mapema: wakijisonga chini ya taa wana baridi, wakijitenga nayo huku wakihema wamezidiwa na joto, wakitawanyika na kula kwa utulivu, mambo ni sawa.

Adui mkuu amejulikana kwa muda mrefu. Ugonjwa wa vidonda vya utumbo ulielezwa kwa kware wa Marekani mwaka 1907, na kiini chake ni bakteria wa Clostridium colinum. Huenezwa kwa kinyesi na unaweza kufyeka kundi kwa siku chache. Bakteria hao hujifunika ganda gumu na kudumu ardhini muda mrefu baada ya banda kuonekana safi. Hapo utaelewa kwa nini wafugaji wengi hulea ndege wadogo juu ya sakafu ya waya, kinyesi kidondoke chini; kwa nini matandazo hayaachwi yalowe; na kwa nini kware hawachanganywi na kuku, ambao minyoo yao huweza kubeba maradhi wasiyoyaonyesha wao wenyewe. Antibiotiki zipo, ila dawa haiwezi kukausha banda lenye unyevu wala kupanua banda lililosongamana. Msongamano huleta pia kudonoana, na ndege aliyenyonyolewa manyoya hafai kuruka.

Kisha huja banda la kurukia: refu, aghalabu mita 30 au zaidi, limepandwa mtama na nyasi, na juu lina wavu laini ili ndege anayetimka asipasuke kichwa. Chakula hupelekwa bila kelele wala mazoea, kwa kuwa ndege aliyezoea watu hutembea badala ya kuruka.

Liko swali utakalolikuta kila mahali katika taaluma hii: je, ndege wa bandani wanaweza kurudisha kundi la porini? Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba wengi wao huliwa na wanyama wawindaji ndani ya wiki chache. Hawakulelewa na wazazi wa kuwafundisha hatari, na wakiwa wagonjwa wanaweza kuwaambukiza wenzao wa porini. Msimamo wangu ni huu: banda linaweza kumpatia mwindaji ndege mzuri, lakini pori hurudishwa kwa nyasi, vichaka na moto wa kupangwa.

Basi wewe unayeanza, kabla hujanunua dawa hata moja, keti kimya kando ya banda na uwatazame ndege wako hadi uwajue wanavyokula, wanavyolala na wanavyoshtuka. Atakayewajua wakiwa wazima ndiye atakayetambua mapema siku wanapougua.