Je, Wajua? Lenzi ya Jicho Yaweza Kuhama

Je, wajua kuwa lenzi ya jicho hushikiliwa na nyuzi nyembamba kuliko unywele? Aliyerithi ugonjwa wa Marfan ana nyuzi dhaifu. Lenzi yake yaweza kuteleza, mara nyingi kuelekea juu na upande wa nje.

Ikipata mtoto wa jicho, upasuaji wa mkono una hatari: kila mvuto waweza kukata nyuzi zilizobaki. Lakini leza hukata duara kwenye kifuko kinachofunika lenzi, ili itolewe, bila chombo kukivuta. Mapigo yake hupimwa kwa femtosekunde, na sekunde 1 ina femtosekunde trilioni 1,000!

Leza hiyo ilianza kutibu mtoto wa jicho Budapest, Hungaria, mwaka 2008.

Kuna Marfan katika ukoo wenu? Wapimeni watoto macho mapema.