Tiketi ya VIP kwenye mbio za magari: kiti cha kivulini kinafaa bei yake?

KALEMIE, Tanganyika – Mtu wa Kalemie hahitaji kuelezwa VIP ni nini. Siku ya gwaride, hema husimamishwa asubuhi, viti vyenye vitambaa hupangwa mbele, na chupa za maji huwekwa mezani kabla ya mkubwa hata mmoja kufika. Watu wengine husimama juani tangu saa mbili. Watoto hupanda miti. Na ukiuliza jioni nani aliliona gwaride vizuri zaidi, jibu mara nyingi ni yule mtoto wa juu ya mwembe. Aliyekaa chini ya hema hakuja sana kuona, alikuja kuonekana.

Mbio za magari zimeigeuza tofauti hiyo kuwa biashara ya mamilioni ya dola. Na ingawa hakuna gari la mashindano linalonguruma kando ya Ziwa Tanganyika, swali la bei ya viti hivyo limefika hadi huku. Limekuja na jina la Kigali.

Desemba 2024, hafla ya kila mwaka ya Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, ilifanyika Kigali, na hapo Rais Paul Kagame alitangaza kwamba Rwanda inaomba kuandaa mbio za langalanga za Formula 1. Wiki chache baadaye Goma ikaanguka mikononi mwa M23, kisha Bukavu. Februari 2025 Waziri wa Mambo ya Nje wa Congo, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliuandikia uongozi wa Formula 1 akiutaka usitishe mazungumzo na Rwanda. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema jeshi la Rwanda linaisaidia M23, Kigali inakanusha. Formula 1 ilijibu kwamba inafuatilia hali ilivyo.

Mwezi huohuo boti zilikuwa zikiingia Kalemie kutoka Uvira, zimejaa watu waliobeba magodoro, masufuria na watoto. Kwa hiyo mtu wa hapa akiuliza kama tiketi ya VIP ya mbio za magari inafaa bei yake, haulizi kwa sababu anataka kuinunua.

Lakini tuanze na tiketi yenyewe, maana ina mambo yake.

Sehemu ya kifahari inayojulikana zaidi kwenye Formula 1 huitwa Paddock Club. Katika viwanja vingi iko ghorofani, juu ya gereji za timu, ikitazama mahali magari yanapoingia kubadilishiwa magurudumu. Mgeni hupata chakula cha wapishi wa hoteli, vinywaji bila kuhesabu, kivuli, choo kisicho na foleni, na nafasi ya kutembea mbele ya gereji kwa muda uliopangwa. Pengine dereva hupita, akasalimia, akajibu maswali mawili matatu. Bei ya siku tatu kwa mtu mmoja ni dola elfu kadhaa, na Las Vegas mwaka 2023 ilizidi dola 10,000. Kwa mbio hizo hoteli moja ya Las Vegas, Caesars Palace, ilitangaza kifurushi cha dola milioni 5, vyumba na karamu humo humo.

Jina lenyewe linaweza kumpoteza mgeni. Paddock hasa ni ule uwanja wa nyuma ambako timu na madereva hufanyia kazi, na kibali cha kuingia huko, kwa kawaida, hupewa na timu au waandaaji kwa wanaowataka. Aliyelipia Paddock Club anaweza kuonyeshwa huko kwa dakika chache, akiongozwa, kisha akarudishwa kwenye meza yake. Wengi hulijua hilo wakishafika.

Na je, anaziona mbio? Hapa hesabu inachekesha kidogo. Mbio za Formula 1 ni za kilomita 305 hivi, na magari hupita mbele ya jukwaa kuu kwa mwendo unaokaribia au kuzidi kilomita 300 kwa saa. Jicho halina nafasi. Kinachouzwa kwa aliye juu ya gereji ni kuona magari yakisimama, na timu nzuri hubadilisha magurudumu manne kwa sekunde mbili na ushee. Hadi msimu wa 2025 magari yalikuwa 20, na mengi husimama mara moja au mbili kwenye mbio nzima. Jumlisha sekunde hizo zote: hazifiki dakika mbili. Saa nyingine yote iliyobaki, mwenye tiketi ya dola elfu sita anatazama televisheni, kama anavyotazama shabiki wa Kalemie aliyelipa bei ya soda kwenye ukumbi wa video. Tofauti ni kiti, na kilichomo kwenye glasi.

Wala fedha hazimzuii mtu kukosa mbio. Las Vegas hiyohiyo ya 2023, mazoezi ya kwanza yalisimama baada ya dakika chache tu, pale mfuniko wa chuma barabarani ulipoligonga gari la Ferrari la Carlos Sainz. Usiku ukaendelea, na mashabiki wakatolewa uwanjani kabla ya mazoezi ya pili kuanza. Waliokuwa na tiketi za siku ile moja walipewa vocha ya dola 200 ya kununulia fulana na kofia.

Kwa haki, kuna siku ambapo paa lina thamani yake. Spa, Ubelgiji, Agosti 2021, mvua haikukatika. Watu walikaa saa nyingi matopeni wakisubiri, magari yakatoka, yakazunguka mara chache nyuma ya gari la usalama, basi. Nusu ya pointi zikagawiwa na watu wakaambiwa waende nyumbani. Siku ile aliyelipia paa, chakula cha moto na kiti kikavu hakupata mbio, lakini alipata alichokilipia. Ndivyo pia kwa mzee asiyeweza kusimama siku nzima, mama mwenye mtoto mchanga, au mgonjwa wa miguu. Hao kiti cha kivulini kwao si anasa.

Afrika Mashariki ina mfano wake wa karibu, na huo ni wa namna nyingine. Safari Rally ilianza mwaka 1953 kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika – ile ya ng'ambo ya ziwa, siyo jimbo hili. Kwa miaka mingi magari yalipita kwenye barabara za kawaida, katikati ya vijiji, na tiketi ilikuwa kutoka nje ya nyumba na kusimama mlangoni. Watu walikaa usiku kucha kumsubiri Joginder Singh, aliyeshinda mara tatu, au Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyeshinda mara tano. Mashindano hayo yalitoka kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya 2002, yakarudi Juni 2021, safari hii yakizunguka Naivasha, kilomita zipatazo 100 kutoka Nairobi.

Kuna mahema ya wageni mashuhuri Naivasha pia. Kuna helikopta zinazoshuka, kuna viongozi wa serikali na wakurugenzi wa makampuni waliovaa kofia mpya. Shida ni kwamba mbio za aina hii hazizunguki uwanja. Kila gari hukimbia peke yake dhidi ya saa, likitoka dakika chache baada ya lililotangulia, kwenye vipande vya njia vilivyotawanyika: Kedong, Soysambu, Elmenteita, Sleeping Warrior, Hell's Gate. Hema limepigwa mahali pamoja. Aliyekaa ndani yake huliona gari likipita mara moja, labda mbili, likifuatwa na wingu la vumbi laini kama unga wa muhogo, halafu anarudi kwenye sahani yake.

Wakati huo vijana waliokuja na bodaboda wameshahama. Asubuhi walikuwa kilimani, saa sita wako kwenye kona ya matope, jioni wako mahali pengine kabisa. Wao ndio walioona gari likipoteza gurudumu, wao ndio waliosikia injini ikija kwa mbali kabla ya kuiona, na nyama choma yao imetoka kwa mama aliyeweka jiko kando ya njia. Katika mashindano mengi ya ubingwa huu wa dunia, hata sehemu ambako mafundi hutengeneza magari huwa wazi kwa shabiki wa kawaida kukaribia. Kitu ambacho Formula 1 inakiuza kwa maelfu ya dola, huku kinakaribia kuwa cha bure.

Kwa hiyo mtu wa Kalemie mwenye kupenda magari, mwenye akiba yake, anayetaka kuvuka ziwa hadi Kigoma na kuipitia Tanzania nzima hadi Kenya kuona Safari Rally, hana sababu ya kugusa tiketi ya VIP. Fedha yake itamfaa zaidi kwenye nauli, na kwenye malazi ya kulipia mapema, kwa sababu bei za vyumba Naivasha hupanda wiki ile kuliko kitu kingine chochote. Achukue kitambaa cha kufunga puani, na viatu asivyovionea uchungu. Tangu 2024 mashindano yamekuwa yakifanyika Machi, msimu wa mvua ukianza, na vumbi la asubuhi laweza kuwa tope la mchana.

Nani basi hununua hivyo viti? Sehemu kubwa ni makampuni, yakinunua kwa ajili ya wateja wao. Hilo mfanyabiashara wa samaki wa Kalemie analielewa bila darasa. Mnunuzi akija kutoka Lubumbashi, hapelekwi moja kwa moja kwenye magunia ya ndakala. Anakalishwa, anapewa kinywaji baridi, anaulizwa habari za njia na za watoto. Soda ile haiingii kwenye hesabu ya siku, lakini mwenye kuitoa anajua itarudi kwenye bei. Benki inayomweka mteja wake juu ya gereji ya Ferrari inafanya jambo hilohilo, ila soda yake ni ghali. Kama mkataba utasainiwa wiki inayofuata, dola elfu sita ni kidogo. Kama hautasainiwa, aliyepoteza ni benki, siyo aliyekula kamba wabichi.

Tatizo linaanza pale mlipaji anapokuwa si mtu wala kampuni, bali hazina ya nchi. Nchi inayotaka Formula 1 hulipa ada ya kuandaa, na ada hizo kwa nchi nyingi ni makumi ya mamilioni ya dola kila mwaka, kabla ya kujenga uwanja. Kwa fedha hizo serikali hupata viti vya mbele kabisa: rais ndiye anayetoa kombe, mawaziri ndio wanaokaa na wenye mitaji, na dunia nzima inaonyeshwa vilima na hoteli kwa siku tatu. Hiyo ndiyo tiketi ya VIP kubwa kuliko zote. Anayeilipia, mlipa kodi, huwa hayupo hata kwenye jukwaa la nyuma. Kenya wameshaanza kulijadili hilo kuhusu fedha za umma zinazoingia Safari Rally, na mjadala wao ni wa haki.

Kwa Rwanda, tiketi hiyo ingenunua kitu cha ziada. Ndiyo maana barua ya Kinshasa haikuzungumzia injini wala lami. Ilihoji kama nchi inayotuhumiwa kwa vita upande wa pili wa mpaka inapaswa kupewa hema, zulia na kamera. Bunge la Ulaya nalo, mwezi huohuo, lilitaka Kigali inyang'anywe mashindano ya dunia ya baiskeli yaliyopangwa Septemba. Hayakunyang'anywa. Baiskeli zilipita Kigali, na wageni mashuhuri walikaa kwenye viti vyao.

Hata hivyo Kinshasa yenyewe haijakataa kiti cha mbele. Kabla mwaka haujafika mwisho, Congo ilikuwa imetia saini mikataba ya udhamini na vilabu vya AS Monaco, AC Milan na Barcelona. Ule wa Barcelona pekee uliripotiwa kuzidi yuro milioni 40 kwa miaka minne, ili jina la nchi liandikwe mgongoni mwa nguo za mazoezi. Serikali inasema ni kuitangaza nchi na kuvuta wawekezaji, maneno ambayo Kigali imeyatumia kwa miaka. Mtu aliyelala kwenye shule au kanisani Kalemie baada ya kushuka kwenye boti la Uvira ana haki ya kuuliza bei ya mgongo huo ingenunua mahema mangapi ya aina ile nyingine.

Formula 1 haijakimbia Afrika tangu Kyalami, Afrika Kusini, mwaka 1993. Afrika Kusini nayo inataka kuirudisha, na Juni 2025 FIA iliidhinisha mpango wa kuuboresha uwanja wa Kyalami ufikie daraja linalotakiwa. Ratiba ya 2026 ilipotoka ilikuwa na mbio 24, kuanzia Melbourne hadi Abu Dhabi. Kigali haimo. Wala hakuna mji mwingine wowote wa Afrika.