Jalada Likifungwa Halijafutwa

Mtu aliyetoka na viatu bila kulipa katika duka moja mjini Lancaster, Pennsylvania, akatiwa hatiani na kumaliza adhabu yake, huenda ameshasahau. Mahakama haijasahau. Kesi za jinai za jimbo hilo zimewekwa kwenye tovuti ya mahakama, na yeyote anaweza kuzitazama bure. Msimamizi wa ghala anayetafuta vibarua anaandika jina la mwombaji, anabonyeza, na kosa linajitokeza: tarehe, kifungu, hukumu. Simu ya kumwita kazini haipigwi.

Ndiyo maana mwaka 2018 Pennsylvania ilipitisha sheria iitwayo Clean Slate, ikawa jimbo la kwanza Marekani kuziachia kompyuta kazi ya kufunga majalada ya zamani bila mhusika kupeleka ombi. Awali, kosa dogo lilisubiri miaka 10. Marekebisho ya 2023 yakaishusha hadi 7. Katika muda huo usiwe umetiwa hatiani kwa kosa jingine linaloweza kukufunga mwaka mmoja au zaidi, na fidia yote uliyoamriwa na mahakama uwe umeilipa. Si kila kosa linaingia humo: makosa ya ukatili, silaha na ngono, kwa mfano, hayafungwi kwa njia hii.

Jalada likishafungwa, linatoweka kwenye tovuti, na polisi wa jimbo hawampi mwajiri wa kawaida taarifa zake. Fomu ya kazi ikikuuliza, sheria inakuruhusu kujibu kana kwamba kosa hilo halikutokea. Hapo hujadanganya.

Hata hivyo, kufunga si kufuta, na tofauti hiyo imewaponza wengi.

Kwanza, kuna kampuni binafsi zinazouza ripoti za historia za watu. Huenda zilinakili kesi yako kabla haijafungwa na bado zinaiuza. Mwajiri anayekusudia kukunyima kazi kwa sababu ya ripoti kama hiyo analazimika, kwa sheria ya shirikisho, kukupa nakala yake kwanza. Isome, kisha iandikie kampuni kuipinga. Kwa kawaida inapewa siku 30 kuchunguza na kurekebisha.

Pili, na hili linawahusu hasa Wakongo na wahamiaji wengine wa Lancaster wanaozungumza Kiswahili: Idara ya Uhamiaji haifungwi na kufuli la jimbo. Sheria ya uhamiaji ina maana yake yenyewe ya kutiwa hatiani, na kufungwa kwa jalada hakuibadilishi. Fomu ya kuomba uraia inataka utaje kukamatwa na kushtakiwa kwako, hata kama rekodi zimefungwa. Jibu lile lile la “hapana” lililo halali mbele ya mwajiri linaweza kukugharimu uraia mbele ya afisa uhamiaji.

Kwa hiyo, kabla jalada halijafungwa, nenda kwa karani wa mahakama uombe nakala ya hukumu yenye mhuri, pamoja na uthibitisho kwamba umemaliza adhabu na malipo. Iweke kwenye bahasha, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mwajiri hana haja ya kuiona. Siku ya mahojiano ya uraia, mwonyeshe wakili wako kabla hujaingia.