Fahamu Mistari ya Kontua Kabla ya Kununua Kiwanja

Mwananchi anayetazama ramani ya ardhi hukutana na mistari myembamba iliyopindapinda, inayozunguka vilima na kufuata mabonde. Mistari hiyo, iitwayo kontua, inatokana na kanuni ya msingi ya jiometri: bapa linapokata umbo, mkato huo huacha alama ya mstari juu ya uso wa umbo hilo.

Mstari mnyoofu usio sambamba na bapa hukutana nalo katika nukta moja tu. Mabapa mawili yasiyo sambamba hukatana katika mstari mnyoofu. Bapa likikata tufe, hupatikana duara. Likikata koni sambamba na kitako chake, hupatikana duara pia, nalo hupungua kadiri mkato unavyokaribia ncha.

Kilima hufanana na koni isiyo kamili. Wapimaji hukichukulia kana kwamba kimekatwa na mabapa ya mlalo yanayopishana kwa kimo kilicho sawa, kwa mfano kila mita 20. Kila mkato huchorwa kuwa kontua moja, na nukta zake zote zina kimo kimoja kutoka usawa wa bahari. Kontua zikikaribiana, mteremko ni mkali. Zikiachana, ardhi inaelekea kuwa tambarare.

Umuhimu wa elimu hii huonekana wakati wa mafuriko. Uso wa maji yaliyotuama nao ni bapa la mlalo, na ukingo wake ni pale bapa hilo linapokutana na ardhi. Penye mteremko unaopanda mita 1 kwa kila mita 2, maji yakipanda mita 1 ukingo husogea mita 2 tu. Penye ardhi inayopanda mita 1 kwa kila mita 100, maji yakipanda kwa kiasi hicho hicho ukingo husogea mita 100.

Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Hata hivyo, hesabu hiyo inaonesha kuwa katika tambarare, nyumba iliyo nje ya mita 60 bado inaweza kufikiwa na maji.

Hivyo, kabla ya kulipia kiwanja, mwananchi anashauriwa kumwomba mpimaji ardhi aliyesajiliwa amwoneshe kimo cha kiwanja hicho kikilinganishwa na kimo cha ukingo wa mto, badala ya kutegemea umbali peke yake.