Pampu ya Kisima: Ni Nani Huyainua Maji?

Hebu muulize mtu yeyote hapa Gesima pampu hufanya kazi gani. Atakujibu mara moja, "Si inavuta maji!" Jibu hilo limewatia wengi hasarani. Pampu inayokaa juu ya ardhi hutoa tu hewa ndani ya paipu. Hewa ya nje, ile inayokandamiza maji kisimani, ndiyo huyasukuma yapande, kama vile soda inavyopanda kwenye mrija.

Lakini nguvu za hewa zina mpaka. Kule Mombasa, kwenye usawa wa bahari, hewa yaweza kuinua maji mita 10 hivi, basi. Huku kwetu milimani hewa ni nyepesi. Hesabu hushuka hadi mita 8, na kwa kazi ya kila siku usitegemee zaidi ya 6. Hata ulete injini ya kusagia mahindi, hutapita hapo!

Kwa hivyo pampu za juu, ziwe za stima, za petroli au ile ya kukanyaga kwa miguu iitwayo MoneyMaker, iliyotokea Kenya mwaka wa 1996, zafaa chemchemi za bondeni na visima vifupi.

Je, kisima kikiwa na futi 60? Hapo pampu yenyewe lazima iende chini, iyasukume maji kutoka huko. Afridev, pampu ya mkono iliyojaribiwa Kwale miaka ya 1980, ina pistoni ndani ya maji, nayo hufika mita 45. Pampu ya kuzamishwa hutumia stima au sola. Mota yake imezibwa kabisa, na hupozwa na maji yaliyoizunguka. Kisima kikikauka ikiwa inazunguka, itaungua.

Kuna wanaoteremsha pampu ya petroli ndani ya kisima ili iyakaribie maji. Jamani, hiyo ni hatari kubwa! Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Anayeshuka hulegea na kuanguka, na anayemfuata kumwokoa huanguka pia.

Kabla ya kwenda dukani, funga jiwe kwenye kamba, ulishushe mpaka liguse maji, kisha upime kamba hiyo. Pima Januari wakati wa kiangazi, si Aprili mvua inaponyesha na maji yako karibu.