Bafu la Familia: Dirisha Liwe Wapi, Maji Yaende Wapi



Wakati wa kiangazi wengi hufyatua matofali na kurekebisha nyumba kabla ya mvua. Wengine hujenga bafu dogo kando ya nyumba, ili akina mama na watoto wasitembee usiku kwenda bafu la pamoja. Hilo ni jambo jema. Ila kabla hujachimba msingi, tafadhali soma maelezo haya.

Tofali bichi, yaani lisilochomwa, ni udongo uliokauka tu. Likilowa kila siku hurudi kuwa tope. Watu wengi huegemeza bafu kwenye ukuta wa nyumba, chini ya dirisha la chumba cha kulala, kwa kuwa hapo unaokoa ukuta mmoja. Lakini dirisha limekwisha kuukata ukuta huo, na matofali ya juu yanategemea yale machache ya chini na ya pembeni. Maji ya kuoga hula msingi polepole. Kiangazi chote huoni kitu, kisha mvua ya usiku mmoja inamalizia kazi, na upande wa pili wa ukuta kuna mtoto amelala.

Kwa hiyo jenga bafu mbali kidogo na nyumba, angalau hatua 3. Kama kiwanja hakitoshi, chagua ukuta usio na dirisha, inua sakafu kwa mawe, piga lipu ya saruji hadi usawa wa kiuno, na sakafu iteremke kuelekea nje, si kuelekea nyumba. Kama bafu lako tayari limeegemea nyumba, kagua leo: je, ukuta ni mweusi kwa chini? Je, lipu inabanduka? Je, kuna ufa unaoanzia kwenye pembe ya dirisha? Ukiuona ufa wa namna hiyo, hamisha vitanda upande mwingine, acha kuoga hapo, na umwite kiongozi wa kijiji chako au fundi.

Sasa tuje kwenye dirisha la bafu lenyewe. Linahitajika, kwa sababu bafu lisilopata hewa halikauki, huota ukungu na kuteleza. Kizingiti chake cha chini kipite kichwa cha mtu mrefu. Hapa wengi hupima wakiwa ndani na kusahau nje. Kama bafu liko kwenye mteremko na njia inapita upande wa juu, anayepita huko huona ndani bila hata kunyanyua kisigino. Pima pande zote mbili. Mtu mmoja asimame ndani akiwa amevaa nguo, mwingine azunguke nje na kupita kila njia. Jiwe la kusimamia liwekwe pembeni, lisiwe mkabala na dirisha wala mlango.

Usiku kuna jambo jingine. Turubai huzuia macho mchana, lakini taa ikiwa chini, kwenye ndoo au sakafuni, kivuli kikubwa cha anayeoga huonekana kwenye turubai kama sinema. Mabinti wengi hawajui kwamba wanaonekana. Ining'inize taa juu ya kichwa, ili kivuli kianguke sakafuni. Anayeoga usiku awe na mtu wa kumsindikiza na mlango ufungwe kwa ndani.

Mtu akiteleza hushika kilicho karibu, na mara nyingi ni fremu ya dirisha au ukingo wa bati. Mabati ya makopo ya mafuta hukata kama kisu, hivyo kunja kingo zake ndani. Kwa wazee na mama wajawazito, chimbia nguzo imara karibu na jiwe la kuogea ili washike hiyo.

Wakati wa baridi wengine huziba dirisha kwa nguo na kuingiza jiko la mkaa bafuni. Usifanye hivyo kamwe. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu huweza kuzimia na kufa bila kukohoa hata mara moja. Chemsha maji nje, kisha ingiza ndoo. Tanguliza maji baridi ndipo uongeze ya moto, maana mtoto haachi kuchovya mkono.

Maji machafu yaende kwenye shimo lililojazwa mawe na kokoto, kwa kupitia mfereji mfupi. Shimo lisibaki wazi, kwani mtoto mdogo huweza kutumbukia. Usiyaelekeze kwenye shimo la choo: choo hujaa upesi na kuta zake hubomoka. Dimbwi la maji ya sabuni huzalisha mbu wale wanaoweza kueneza matende, na kama liko chini ya dirisha la chumba, wanaingia moja kwa moja. Mwongozo wa kimataifa wa Sphere unataka vyoo na mashimo ya maji machafu yawe angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji ya ardhini, kama kisima.

Kama huna uhakika na mteremko wa kiwanja chako, mwite mhamasishaji wa afya kabla ya kuchimba. Mwaga ndoo moja ya maji mahali unapotaka kujenga, na mtazame pamoja yanakwenda wapi.